Rahisi Isiyovunja Upishi

Methali ya pwani yasema kuwa rahisi inavunja upishi, na walaji wengi, waingiapo mkahawani, huifanya mizani: kilicho ghali ndicho chema. Mpwapwa, mji ulioegemea milima katika mkoa wa Dodoma, ni mahali pa kuijaribu mizani hiyo, kwani bei ya chakula imejadiliwa hapo tangu zamani.

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika Mpwapwa kabla ya kuikabili Marenga Mkali, nyika kavu iliyotangulia Ugogo. Stanley naye alipita hapo mwaka 1871, akimtafuta Livingstone. Chakula kilinunuliwa kwa merikani, kaniki na ushanga, na mpagazi alilipwa posho yake kwa nguo. Mtu mwenye mzigo kichwani na nyika mbele yake hakuwa na haja ya kuuliza nafaka ina weupe gani. Aliuliza itamfikisha wapi.

Leo swali hilo limesahauliwa. Katika vibanda vya mama ntilie, wali hukaa juu kwa bei, ugali wa sembe hufuata, na ugali wa uwele, wenye rangi ya majivu, mara nyingi hautajwi kabisa. Wali wastahili sifa zake. Watu wa pwani hawahitaji kuambiwa. Lakini mpunga hupenda maji, na hii ni nchi ya mvua chache. Basi sehemu ya bei ya sahani ile ni nauli ya mchele, na sehemu nyingine ni heshima ya kuonekana ukiula. Nauli na heshima hazikolezi mchuzi.

Mchana mmoja mkulima mzee aliingia katika kibanda kimojawapo, akasikiliza orodha ya vyakula hadi mwisho, kisha akauliza:

“Mama, uwele hakuna leo?”

“Upo, babu,” mwenye kibanda alijibu kwa sauti ya chini, “lakini huo ni wetu wenyewe, si wa wageni.”

“Kwani mimi mgeni?”

Akaletewa ugali wa moto na bakuli la mlenda, majani yaliyokaushwa na kutwangwa, yakapikwa kwa karanga. Alikula taratibu, akalamba vidole, akauliza bei. Mama alisita, kwa kuwa chakula hicho hakuwahi kukitilia bei. Mwisho akataja nusu ya bei ya sembe. Mzee hakufurahi. Alimtazama, akasema:

“Ukiuuza hivyo, mama, mwakani mimi nitalima nini?”

Swali hilo ndilo kiini cha jambo. Uwele hustahimili ukame kuliko mahindi. Mkulima akiuacha kwa sababu hauna bei, akapanda mahindi, na mvua ikakatika mapema, atarudi sokoni kununua kwa ghali kile ambacho shamba lake lingempa. Rahisi ya sahani moja huja kulipwa na ghala zima.

Wala aibu si tabia ya chakula chenyewe. Utelezi wa mlenda, unaofichwa mbele ya mgeni, una ndugu yake Japani: natto, soya iliyochachushwa hata ikavuta nyuzi, ambayo watu huila na wali asubuhi bila kuona haya. Umoja wa Mataifa nao uliufanya mwaka 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa nafaka za jamii ya uwele na ulezi. Kinachoheshimiwa kwenye mikutano ya mbali kingali kimefunikwa jikoni, nyuma ya pazia la kibanda.

Methali haikukosea, imesomwa upande mmoja tu. Kitu rahisi chaweza kuvunja upishi, lakini upishi huvunjika pia pale mpishi anapokionea aibu kilicho chema na kukirahisisha mwenyewe. Mzee yule aliweka mezani bei kamili ya sembe, akachukua kofia yake, akatoka. Mama akazihesabu fedha mara mbili, kisha akalivuta pazia kando.