Bei ya Gunia, Bei ya Pakiti

Katika familia yetu, bei ya mahindi haijawahi kufurahisha watu wawili siku moja. Mama analima ekari nne nje kidogo ya mji wa Kitale, kaunti ya Trans Nzoia. Mimi naishi Umoja, Nairobi, na kila wiki nanunua unga wa kilo mbili. Gunia likipanda bei, Mama hunipigia simu kwa sauti ya mtu aliyeshiba, nami naanza kuhesabu shilingi. Unga ukishuka, ni mimi ninayepiga, na yeye ndiye anayenyamaza. Kwa hivyo nikiwasikia watu kwenye runinga wakilia "Serikali, saidia!" huwa najiuliza: isaidie nani? Mara nyingi ukinisaidia mimi haraka haraka, umechukua mfukoni mwa mama yangu.

Jambo hili nilianza kulifikiria kwa uzito mwaka 2017. Kulikuwa na ukame, na viwavijeshi vamizi vilikuwa vimeingia mashambani kwa mara ya kwanza. Bei ya pakiti ikapita shilingi 150. Mwezi Mei serikali ikaingilia kati: mahindi yakaruhusiwa kuingia kutoka ng'ambo bila ushuru, wasagishaji wakauziwa gunia la kilo 90 kwa shilingi 2,300, na pakiti ya kilo mbili ikawekwa shilingi 90. Uchaguzi ulikuwa tarehe 8 Agosti. Kwenye duka ninalonunua, kila mteja alipewa pakiti mbili tu, na ukifika saa sita unakuta rafu tupu. Ukiupata, hata hivyo, ulikuwa umepata. Nilikula ugali wa tisini na sikuona haya.

Mama yeye hakusherehekea. "Hiyo tisini yenu," akaniambia, "mimi ndiye nitailipa Novemba." Hesabu yake ilikuwa rahisi. Kwetu mahindi huvunwa kuanzia Oktoba. Nafaka ya nje ikiwa bado imejaa kwenye maghala wakati huo, broka hana haraka. Anakuja shambani, anaangalia magunia, anataja bei yake, kisha anawasha gari. Karo ya Januari haingoji, kwa hivyo anaitwa arudi.

Nitakuwa mwongo nikisema wakulima waliachwa hivi hivi. Serikali ilitangaza itanunua gunia kwa shilingi 3,200, bei nzuri kuliko ya broka. Lakini bei nzuri ya serikali haimfikii kwanza mwenye mkokoteni, humfikia mwenye lori. Mwaka uliofuata malalamiko ya wakulima, kwamba kuna wafanyabiashara walioleta mahindi kwenye maghala ya umma na kulipwa mbele yao, yalifika hadi Bungeni. Ukiweka bei juu ya ile ya soko bila kuwajua unaonunua kwao, umefungua duka kwa yeyote mwenye usafiri.

Kuna watu watakaosema dawa ni serikali kutoka sokoni kabisa. Mama anaikumbuka enzi ambayo serikali ndiyo ilikuwa soko lenyewe. Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao, iliyoundwa mwaka 1979, ilinunua na kuuza kwa bei iliyopangwa, na kusafirisha mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine kulihitaji kibali. Njiani kulikuwa na vizuizi vya polisi. Anasimulia jinsi watu walivyoficha mahindi chini ya vitu vingine garini, kana kwamba wamebeba bangi. Trans Nzoia mahindi yalijaa, na kwingine watu walilala njaa, kati yao kukiwa na karatasi na askari. Baada ya miaka ya shinikizo kutoka kwa wafadhili, vizuizi hivyo viliondolewa mwishoni mwa 1993. Mama anasema siku hizo za mwanzo zilikuwa kama sikukuu. Ungeweza kupakia gunia lako kwenye matatu na usitetemeke.

Ila serikali haikuondoka. Ilibadilisha tu mlango wa kuingilia. Mahindi kutoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na COMESA hutozwa ushuru wa asilimia 50, na anayeamua ni lini ushuru huo uondolewe, na kwa miezi mingapi, ndiye anayepanga bei ya Kitale hata kama hajui barabara ya kwenda huko. Serikali hiyo hiyo inajenga barabara, au haijengi. Na iko hata kwenye gorogoro. Mama ana chuki maalum na gorogoro za broka, zile zilizogongwa chini mpaka zikavimba, unajaza kumi unapoteza karibu moja. Siku afisa wa vipimo anapopita sokoni kukagua mizani, hakuna anayelalamika kwamba soko huria limeingiliwa, isipokuwa mwenye gorogoro iliyovimba. Soko bila mizani ya kuaminika ni uwanja wa wenye nguvu tu.

Mwaka 2022 sinema ikarudi. Unga ukapita shilingi 200. Ukame ulikuwepo, vita vya Ukraine vilikuwepo, na uchaguzi ulikuwa tarehe 9 Agosti. Mwezi Julai serikali ya Rais Uhuru Kenyatta ikashusha pakiti hadi shilingi 100 kwa majuma manne. Mtaani kwetu unga huo tuliusikia zaidi kuliko tulivyouona. Mwezi Septemba Rais William Ruto akaapishwa, na siku hiyo hiyo akasema ruzuku ya unga ilikuwa imekula shilingi bilioni 7 kwa mwezi mmoja bila kuleta nafuu. Akasema afadhali kumsaidia anayelima kuliko anayekula. Gunia la mbolea la kilo 50, lililokuwa limefika shilingi 6,500, likashushwa hadi 3,500, na mwaka uliofuata hadi 2,500.

Safari hii Mama ndiye aliyefurahi na mimi nikanuna, kwa sababu mbolea ya Septemba hailiwi Oktoba. Ilinibidi ninunue unga wa mia mbili nikingoja mavuno ya mwaka ujao. Lakini nilikubaliana na hoja yenyewe. Mbolea ikiwa rahisi, mahindi yanaongezeka, na mwishowe hata mimi wa Umoja napona bila kumwumiza mtu. Ni njia pekee niliyowahi kuona ambapo bei inaweza kutupendeza sote wawili, mradi nivumilie.

Halafu ikaja 2024, ikabainika kwamba baadhi ya magunia yaliyouzwa chini ya mpango huo hayakuwa mbolea. Serikali ikaahidi kuwafidia waliouziwa. Fidia ni jambo jema, ila mvua haina fidia. Msimu ukipita umepita. Hapo nikarudi kwenye habari ya gorogoro. Serikali iliyoshughulika kupunguza bei ilikuwa imesahau kazi yake ya zamani zaidi, ya kuhakikisha kilichoandikwa kwenye gunia ndicho kilichomo ndani.

Ninachouliza siku hizi si kama serikali iwe sokoni au isiwe. Imo, itakuwemo. Nauliza inaingia lini, na kama tulijua inakuja. Tazama mafuta. Tangu Desemba 2010 bei ya petroli, dizeli na mafuta ya taa hupangwa na serikali, na kila tarehe 14 ya mwezi nchi nzima inangoja tangazo. Tunalalamika, tunatukana mitandaoni, makanga wanapandisha nauli kabla ya saa sita usiku. Lakini tarehe tunaijua. Mwenye matatu anaweza kupanga mwezi wake. Kwa unga hakuna tarehe 14. Tuna sheria ya mwaka 2011 inayompa waziri wa fedha uwezo wa kupanga bei za bidhaa muhimu, ila kwa mnunuzi kama mimi ratiba ninayoiona ni ile ya uchaguzi. Ukame huja wakati wowote, unga wa bei nafuu umenijia mara mbili, 2017 na 2022, na mara zote mbili kura zilikuwa mlangoni.

Nilimwuliza Mama, yeye angependa serikali ifanye nini hasa. Nilidhani atasema gunia linunuliwe kwa bei kubwa. Akafikiri kidogo, akasema, "Waniambie Machi." Machi ndipo anapoamua ekari ngapi za mahindi na ngapi za maharagwe. Anataka kujua kabla ya kupanda kama mlango wa bandari utafunguliwa na kwa muda gani, na kama kuna bei ambayo serikali haitashuka chini yake. Hata bei ikiwa mbaya, akasema, aambiwe mapema, apande maharagwe.

Nikamwuliza, na sisi wa Nairobi je, akipanda maharagwe tutakula nini?

"Maharagwe," akasema.