Ritriti, Faragha na Kukaa Ndani: Tulichojifunza kwa Bi Harusi Mmoja

Leo hatuzungumzii mishono wala rangi za msimu. Tunataka tuzungumze juu ya neno moja tu, neno tulilolibandika wenyewe mlangoni mwa duka letu.

Wanaotufahamu wanajua sisi ni ndugu wawili, dada na mdogo wake. Tulimaliza skuli, tukajifunza ushoni, tukaanza na cherehani moja barazani kwa mama. Leo tunashona na kukodisha magauni ya harusi, na bi harusi akitaka tunamtafutia mpiga hina, msingaji na somo. Miaka mitatu nyuma tukaona mabango ya hoteli za pwani, Paje, Jambiani na Nungwi, yameandikwa "Retreat". Wageni wanakuja kunyoosha viungo, kukandwa, kunywa madafu na kulala. Tukasema na sisi tusiachwe nyuma. Tukatengeneza kifurushi, tukakiita "Bridal Retreat": siku tatu hoteli ya ufukweni, singo, hina, mpiga picha na nafasi ya mashoga sita. Mitaani watu wakakiita ritriti. Kikauzika, alhamdulillahi.

Mwaka jana tukapata bi harusi mmoja, mtoto mpole, hana makuu. (Ametupa ruhusa tueleze kisa chake bila ya jina.) Gauni lake tulilipima vizuri, lakini alipokuja kulijaribu likampwaya. Tukalibana ubavuni. Baada ya wiki likampwaya tena. Sisi mafundi tunajua, mwili wa mtu husema kabla ya mdomo. Tukamuuliza, "Vipi mwanetu, unakula?" Akacheka, akasema ni homa ya harusi. Tukanyamaza, tukaendelea na pini zetu.

Tukampeleka ritriti. Siku ya kwanza, picha kwenye mchanga. Siku ya pili, singo huku shoga mmoja anarikodi video, mwengine anapiga muziki, simu ya bi harusi inalia kila dakika: mkwe, wifi, mpishi, mtu wa ukumbi. Usiku wa pili tukamkuta amekaa chooni juu ya ndoo iliyopinduliwa, mlango kaufunga, anasoma Yasin kwa sauti ndogo. Akatwambia, "Samahanini dada zangu, sikupata pahala pengine pa kukaa peke yangu."

Sisi tulichukua pesa za watu kwa jina la faragha, na bi harusi wetu faragha kaipata chooni.

Asubuhi yake akaja somo, mama mtu mzima aliyewasinga hata mama zetu. Akatazama chumba, akatazama simu zilivyotapakaa kitandani. Akasema, "Tokeni nyote. Na nyinyi mafundi tokeni." Akafunga mlango. Tulikaa nje tangu adhuhuri mpaka alasiri.

Walipotoka macho ya bi harusi yalikuwa mekundu, lakini uso umetua. Kumbe wiki tatu kabla alisikia kwa wifi yake kwamba baada ya harusi atahamishiwa Maskati, anakofanya kazi mume. Yeye alikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya uuguzi. Hakuna aliyemuuliza. Mume alidhani amekwishaambiwa na wazee, wazee walidhani amekwishaambiwa na mume. Na yeye, kila akitaka kusema, chumba kimejaa watu wanaomwambia atabasamu.

Somo akamwita baba yake. Baba akazungumza na kijana. Ndoa ikasogezwa mbele kwa wiki tatu, wakakubaliana kwa maneno ya wazi kwamba atamaliza kwanza masomo yake, ndipo asafiri. Sisi tulirudisha pesa za siku ya mwisho, na mpiga picha tukamlipa kutoka mfukoni mwetu. Ilituuma, hatutasema uongo. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha mwanamke aombwe ridhaa yake, na ridhaa gani ya mtu ambaye hajapata nafasi ya kujisikia mwenyewe?

Baada ya hapo tukakaa tukajiuliza: hili neno tulilolibandika mlangoni maana yake nini hasa? Tuna mteja wetu anayesomesha Kiingereza skuli, tukamuuliza. Alitueleza mengi, mengine tukayasoma wenyewe baadae.

Asili yake ni Kilatini, maana yake kuvuta nyuma. Waingereza walilipokea kupitia Kifaransa, zaidi ya miaka 600 nyuma, na lilikuwa neno la vita: jeshi likizidiwa linarudi nyuma, na tarumbeta au ngoma inapigwa kuwapa askari ishara. Mpaka leo London wanajeshi wana sherehe yao ya jioni yenye jina hilo, na ngoma zinapigwa. Kwa hiyo mwanzo wake halikuwa neno la raha. Lilikuwa neno la mtu aliyezidiwa, anayetaka kuokoa roho yake.

Kisha likawa neno la pahala pa utulivu, na likaingia kwenye dini. Kwa Wakatoliki alikuwepo Mhispania mmoja, Ignatius wa Loyola, naye alikuwa mwanajeshi. Alijeruhiwa mguu vitani Pamplona mwaka 1521, akalala kitandani muda mrefu akaifikiria upya maisha yake. Baadae akaandika utaratibu wa mtu kujitenga siku 30 kwa sala na tafakuri, na Papa akauidhinisha mwaka 1548. Wakristo wengi bado wanakwenda mafungo ya namna hiyo.

Lakini kilichotugusa zaidi ni kisa cha mji wa York, Uingereza. Mwaka 1790 mjane mmoja, Hannah Mills, wa madhehebu ya Quaker, alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili kwa sababu ya huzuni nyingi. Wenzake walipotaka kwenda kumtazama walikatazwa. Haukupita muda akafariki humo ndani. Ndugu zake wa imani, wakiongozwa na mfanyabiashara William Tuke, wakajenga nyumba yao ya wagonjwa, ikafunguliwa mwaka 1796. Humo wagonjwa walitendewa kwa upole, wakapewa bustani, kazi ndogo ndogo na maneno mazuri. Nyumba ikaitwa The Retreat, na jina hilo lilipendekezwa na mwanamke, mke wa mtoto wa Tuke. Alitaka lisikike kama kimbilio, lisitishe watu kama majina ya hospitali za wakati ule.

Tazameni basi neno lilivyosafiri. Kutoka kwa askari aliyezidiwa, likenda kwa mcha Mungu, likenda kwa mgonjwa wa huzuni, mpaka likafika kwa wakubwa wa maofisi wanaokwenda hotelini na makabrasha yao, na kwa mgeni anayekandwa mafuta ufukweni Paje. Na sisi tukaliokota huko mwisho kabisa, likiwa limebaki mafuta na picha. Hatuwalaumu wageni, maneno hubadilika kama mishono. Kosa letu ni kwamba tuliazima neno la watu, na hali ya kwetu tunayo.

Sisi Waislamu tuna itikafu. Mtume (S.A.W.) alikuwa akikaa msikitini siku kumi za mwisho za Ramadhani, na baada yake wake zake wakaendelea. Tuna Bi Maryam, ambaye Qur'ani inatueleza alijitenga na jamaa zake upande wa mashariki. Tuna pango la Hira, alikokuwa akikaa Mtume peke yake kabla ya kupewa utume. Na hapa, dada zetu, pana jambo tulikuwa tunalipita bila ya kuliangalia: alikuwa akirudi kwa Bi Khadija kuchukua chakula, na siku ulipomshukia wahyi alirudi kwake akitetemeka, naye akamfunika na akamsikiliza. Faragha ya kweli ina mtu mmoja anayekungojea mlangoni.

Marehemu baba alipofariki, mama yetu alikaa kizuka miezi minne na siku kumi. Sisi tulikuwa wadogo tukidhani amefungwa. Alikuwa akitwambia, "Nimepewa muda wa kulia bila ya mtu kuniuliza lini nitanyamaza."

Na bi harusi wa Kiunguja zamani alikuwa akiwekwa ndani. Hakutoka juani, alisingwa kwa liwa, asumini na mlangilangi, akavishwa kanga, na somo wake yuko karibu. Tulidhani siri yake ni ngozi kung'ara. Kumbe ule ulikuwa muda wa kusikilizwa, mikono ya mtu mzima iko mgongoni mwako na wewe unasema lolote linalokusumbua. Hatusemi yote ya zamani yalikuwa mazuri, wako walioingizwa ndani hawajui hata wanaolewa na nani. Kufungiwa na kujitenga ni vitu viwili. Hannah Mills alifungiwa. Tofauti ni kama mwenyewe umeridhia, na kama yupo wa kukusikia.

Basi tumeliondoa lile bango. Kifurushi chetu sasa kinaitwa Siku za Ndani, na kimebadilika:

- Simu zote zinaingia kwenye kikapu tangu alasiri mpaka baada ya isha. Mama mzazi anapewa namba yetu kwa dharura.
- Picha ni siku moja tu, na mwenyewe ndiye anayechagua siku.
- Wakati wa singo anakuwemo bi harusi na somo wake peke yao. Sisi na mashoga tunakaa nje.
- Kila usiku chumba kinabaki na msala, mwanga mdogo na bi harusi mwenyewe, apate kusali na kumuomba Mola wake.

Tumepoteza wateja. Wako waliotwambia, "Sasa ritriti gani hii bila ya video?" Sawa, riziki anatoa Allah.

Wewe unayesoma hapa na siku yako imekaribia, hata kama huji kwetu, hata kama huna pesa za hoteli: tafuta chumba chochote, funga mlango, zima simu, jiulize kama moyo umetulia. Kama haujatulia, mwambie mtu mmoja mzima unayemuamini. Usingoje mpaka gauni liseme kwa niaba yako.

Yule bi harusi wetu amemaliza masomo mwaka huu. Alikuja dukani kuaga kabla ya kusafiri, na safari hii tulimshonea baibui. Vipimo vilikaa sawasawa mara ya kwanza.

Allah awape mabibi harusi wetu wote utulivu, mapenzi na huruma ndani ya nyumba zao. Aamin.