Kabla Hujalipia Nyumba ya Makanyagio

Mpanda, Katavi

Mwanangu,

 

Ujumbe wako kuhusu nyumba ya vyumba sita pale Makanyagio nimeusoma. Umeniandikia bei, umeniandikia hadi rangi ya bati, ila hukuandika itakubakizia nini kwa mwaka. Hebu tuhesabu.

Muuzaji anataka milioni 36. Dalali anasema kila chumba kinalipa 40,000, yaani 240,000 kwa mwezi, 2,880,000 kwa mwaka. Hiyo ni hesabu ya dalali: kwake vyumba havikai wazi hata siku moja. Wewe hesabu miezi kumi, upate 2,400,000. Toa rangi, kitasa, bati linalovuja, kunyonya choo, dalali wa kukuletea mpangaji mpya, kodi ya pango la ardhi. Weka 400,000 na ushukuru zikitosha. Zinabaki milioni mbili. Kwa bei hiyo, fedha yako itarudi baada ya miaka 18. Hatifungani za serikali za muda mrefu zimewahi kulipa zaidi ya asilimia 12 kwa mwaka, unaanza na milioni moja tu, na hazina choo cha kujaa. Nyumba hii inakupa chini ya asilimia 6. Najua utasema ardhi inapanda bei. Inapanda, lakini huwezi kulipa ada ya mtoto kwa kupanda kwa bei.

Halafu huo mkopo wa milioni 15 unaotaka kuchukua. Kwa riba ya asilimia 13 na miaka mitano, rejesho ni karibu 341,000 kila mwezi. Vyumba vyote vikijaa unapata 240,000. Laki moja inayopungua itatoka kwenye mshahara wako, na mke wako lazima ajue hilo leo, asije akaligundua Januari.

Kinachonisumbua zaidi ni wapangaji wenyewe, maana watu wa mji huu huja na kuondoka. Reli ya kutoka Kaliua ilifika hapa Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya risasi ya mgodi wa Mukwamba. Haikupita miaka mingi mgodi ukafungwa, mji ukabaki na reli. Mpanda imewahi kujaa na kupungua kwa sababu ya kitu kimoja. Tangu Katavi iwe mkoa mwaka 2012 tumepata watumishi, na mwalimu au nesi hulipa miezi sita bila kelele, mpaka uhamisho umkute. Mchimbaji mdogo wa dhahabu hulipa vizuri kuliko wote, kisha akisikia kuna dhahabu mpya mahali, asubuhi unakuta godoro halipo. Simsemi vibaya, kazi yake ndivyo ilivyo. Ila ukikuta vyumba vinne kati ya sita ni vya wachimbaji, hiyo miezi kumi punguza iwe minane.

Nenda jioni, wapangaji wakiwa wamerudi, dalali asiwepo. Waulize wanalipa ngapi, na wanalipa miezi mingapi kwa mkupuo. Uliza pia umeme wa LUKU: mita ni moja au kila mtu na yake? Kodi ya jengo inakatwa humo humo, 1,500 kwa mwezi, na kwenye mita moja ya watu sita ugomvi wa nani kakatwa hauishi. Ukiweza, subiri mvua za Novemba zikolee uone maji yanapita wapi uani.

Karatasi nazo. Kama ni hati, ipeleke ofisi ya ardhi ikakaguliwe. Kama ni makubaliano ya mauziano tu yenye muhuri wa serikali ya mtaa, bei ishuke, maana benki nyingi hazitayapokea kama dhamana. Mke wa muuzaji aridhie kwa maandishi. Kodi ya faida ya mauzo ni ya muuzaji kisheria, lakini wengi humsukumia mnunuzi mezani, kwa hiyo iandikwe kwenye mkataba nani analipa.

Mimi bei ya milioni 36 siitoi. Kwa milioni 25 ningekaa chini kuzungumza. Mwambie dalali hivyo, bila kumpa hata shilingi ya kishika nafasi, na majibu ya wapangaji yakipatikana nipigie usiku, nikiwa nimetoka sokoni.

Shangazi yako