Marafiki Wawili Katika Maporomoko ya Zambezi

Tabia ya mtu, husema wazee, hujulikana safarini, na zaidi pale fedha zinapopungua na nyumbani kuko mbali. Jambo hili walilithibitisha watu wawili wa Kenya, mmoja karani wa serikali na mwingine mwalimu, waliofunga safari kwenda kuyatazama maporomoko makubwa ya mto Zambezi, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe.

Tamaa hiyo waliipata zamani, walipokuwa wanafunzi wa shule moja ya misheni, wakaiona picha ya maporomoko hayo katika kitabu cha jiografia. Basi, walipokwisha kuweka akiba kidogo kidogo, walichukua likizo mwezi wa Novemba, kila mmoja na shanta lake mgongoni, na fedha zote zikatiwa katika mfuko mmoja. Mfuko alipewa karani, kwa kuwa amezoea hesabu. Kutoka Nairobi walikwenda kwa basi mpaka Dar es Salaam, na huko wakapanda gari la moshi la TAZARA. Reli hiyo, iliyojengwa kwa msaada wa China kuanzia mwaka 1970 hadi 1975, ina urefu wa kilomita 1,860, nayo huishia Kapiri Mposhi katika nchi ya Zambia. Njiani walikula mkate, ndizi na mayai ya kuchemsha. Kisha wakasafiri kwa basi hadi Lusaka, na kutoka huko hadi mji wa Livingstone, ulio karibu na maporomoko.

Wenyeji huyaita Mosi-oa-Tunya, maana yake moshi ungurumao, na Mswahili hapati shida kulitambua neno la kwanza. Jina hilo David Livingstone aliambiwa na Wakololo waliomleta kwa mtumbwi tarehe 16 Novemba, 1855, ingawa yeye aliyapa maporomoko jina la Malkia Victoria. Upana wake ni mita 1,708, na mahali palipo parefu zaidi maji huanguka mita 108. Yakipiga chini, manyunyu hupanda angani kama moshi wa shamba linalochomwa, hata huonekana tokea mbali.

Lakini wageni wetu walipofika ukingoni upande wa Zambia, hawakuona moshi. Walikuta genge refu la mawe meusi, na michirizi michache ya maji ikishuka. Mwalimu akaketi juu ya jiwe, akasema, "Ndugu yangu, tumetoka kote huko kuja kutazama mawe?"

Mzee mmoja mwenyeji akawaeleza kwamba mto hujaa kati ya Machi na Mei, na miezi ya Oktoba na Novemba hupungua sana. Kwa kuwa upande wa magharibi genge liko chini kidogo, maji huelekea huko, Zimbabwe. Atakaye kuyaona hana budi kuvuka daraja.

Karani akafungua mfuko, akahesabu mara mbili. Alipokwisha kutenga nauli ya kurudi, zilibaki fedha za ada ya mtu mmoja tu. Wakanyamaza kitambo. Kisha mwalimu akasema, "Enda wewe, Bwana Karani. Wewe ndiwe uliyeweka akiba kubwa." Maneno hayo yalikuwa kweli, wala hakuna ambaye angemlaumu karani kama angeondoka. Naye akajibu, "La, enda wewe. Wewe una watoto arobaini darasani watakaokuuliza. Mimi nina mafaili, nayo hayaulizi neno."

Basi mwalimu akagongewa mhuri, akalivuka daraja la chuma lililofunguliwa mwaka 1905, na karani akabaki chini ya mti akilinda mashanta mawili. Kule ng'ambo mwalimu alipita katika msitu usiokauka kwa sababu ya manyunyu, akaona maji meupe yakijitupa korongoni kwa kishindo, na upinde wa mvua umesimama juu yake. Jioni alirudi nguo zimelowa. Alianza kusimulia kabla hajaketi, akaendelea hata usiku, na karani akawa anauliza kila kitu: sauti ilikuwaje, ardhi ilitikisika, upinde ulikuwa na rangi ngapi.

Walipofika Kapiri Mposhi kupanda gari la kurudi, mfukoni zilibaki fedha za mkate mmoja. Mwalimu akaukata, akampa mwenzake kipande kikubwa, wala karani hakukataa.

Kijana anayekusudia kwenda kuona nchi za watu na aulize kwanza majira ya mvua na kiasi cha ada, asije akaaibika njiani. Lakini kabla ya hayo yote, na amchague vema mwenziwe, maana akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.