Taa ya Breki Inayochelewa

Barabara ya kutoka Arua kwenda Koboko zamani ilikuwa ya udongo mwekundu, na vumbi lake lilimlazimisha kila dereva kukaa mbali na gari lililomtangulia. Leo ni lami. Malori yanayoelekea mpaka wa Oraba na Sudan Kusini huja kwa kasi, wala dereva wa lori hana wa kumjulisha yanayotokea mbele yake ila taa mbili nyekundu.

Askari polisi mmoja mstaafu wa Arua ana Volkswagen ya mgongo wa kobe, ya miaka ya 1960, ambayo huwachukua humo mkewe na wajukuu kwenda Koboko. Taa za breki ziliwaka pale tu alipokanyaga kwa nguvu. Alinunua balbu mpya mara mbili, na fedha ya mboga ikaishia dukani.

"Afande," fundi kijana akamwambia, "balbu iliyoungua haiwaki kabisa. Hizi zinawaka, ila zinachelewa. Tutazame swichi."

Katika gari hilo swichi haiko kwenye pedali. Imefungwa kwenye silinda kuu ya breki, chini ya gari, na husukumwa na mafuta ya breki yenyewe. Ikizeeka hutaka msukumo mkubwa zaidi. Fundi alifungua ufunguo wa gari bila kuwasha injini, akaziunganisha nyaya mbili za swichi kwa kipande cha waya. Taa zikawaka mara moja, kali. Basi balbu, fyuzi na nyaya zilikuwa nzima. Mgonjwa alikuwa swichi. Kama zisingewaka, angeanza na fyuzi, kisha angeufuata waya hadi nyuma.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huo, nao umewala watu fedha nyingi: breki ikikanyagwa, taa ya upande mmoja hufifia, na pengine taa ya kukatia kona humulika kidogo. Hapo kutu imeziba njia ya umeme kurudi kwenye bodi. Dawa ni msasa, mpaka chuma king'ae.

Kubadilisha swichi kunaweza kuingiza hewa katika mabomba, kwa hiyo hewa hiyo sharti itolewe kabla ya safari. Tena, swichi ikionekana imelowa mafuta, jambo limekwisha kuwa la breki, si la taa, na gari lisitoke.

Jioni ile mkewe alisimama nyuma ya gari.

"Kanyaga tena, mzee. Polepole zaidi."

Akagusa pedali kwa ncha ya kiatu.

"Zote mbili," akasema mama.