Mshahara wa Kwanza wa Binti Yetu

Mtihani wa Kidato cha Nne humalizika mwezi wa Novemba, na vyuo vikuu havipokei wanafunzi wapya hadi Agosti au Septemba ya mwaka unaofuata. Katikati hubaki miezi tisa hivi ambayo katika nyumba nyingi za Mombasa haina jina. Mtoto si mwanafunzi tena, wala hajawa mtu mzima. Wavulana huonekana barazani na simu zao. Wasichana hurudishwa jikoni, na mara nyingine ndipo posa zinapoanza kubisha hodi. Binti yetu wa kwanza alipofikia miezi hiyo alikuwa na umri wa miaka 18 na wiki chache. Usiku mmoja, tukiwa tunakula, alitutamkia kwamba anataka kutafuta kazi.

Hatukushangaa. Babake ni wakala wa kutoa mizigo bandarini, na tangu mwaka 2018, makasha yalipoanza kupelekwa Nairobi kwa reli mpya, riziki yake imekuwa ya kupata leo na kukosa kesho. Mtoto anayelala chumba cha pili husikia hesabu za wazazi wake kupitia ukutani. Kwa sababu hiyo hiyo tulikaa wawili usiku ule kabla ya kumjibu, tukaafikiana kwamba akipata kazi, mshahara ni wake. Katika dini yetu mali ya mwanamke ni yake, na kulisha nyumba ni juu ya mwanamume. Hili kila mmoja wetu analijua, na kila mmoja huona uzito kulikumbuka siku ambayo mshahara wa binti umeingia na mtungi wa gesi umekwisha. Tuliona ni afadhali liamuliwe mapema, mshahara wenyewe ungali haupo.

Bibi yake, mamake baba, hakupendezwa. Alituuliza ni vipi mtoto wa kike asimame dukani atazamwe na kila apitaye. Hatukubishana naye, tulimwachia mjukuu wake. Bibi huyu alizaliwa Lamu na alikuwa mshonaji wa kofia za vito. Alianza akiwa na miaka 14, na wanaoijua kazi hiyo wanajua kwamba kofia moja iliyo nzuri huweza kula miezi miwili na zaidi ya macho ya mtu. Alasiri moja, wakiwa wanachambua mchele, binti yetu alimwuliza: "Bibi, kofia yako ya kwanza iliuzwa kiasi gani?"

Bibi alinyamaza kwa muda. "Sijui, mjukuu wangu," akasema. "Alikwenda kuiuza kaka yangu. Alinipa kitambaa cha kanzu, nikashukuru."

Asubuhi yake alitwita na kutuambia mtoto na aende, lakini ajue bei ya kazi yake.

Tukaanza na karatasi. Wasomaji wetu hawahitaji kuelezwa foleni ya kitambulisho, wala maswali ya babu yako alizaliwa wapi na cheti chake kiko wapi, ambayo familia nyingi za Pwani zimeulizwa kwa miaka mingi. Binti yetu alipeleka maombi wiki ile ile aliyotimiza miaka 18, naye alikwenda na nakala za vyeti vya wazazi wote wawili bila kungoja kuagizwa. Namba ya kodi ya KRA aliipata jioni moja kwenye intaneti. Cheti cha tabia njema cha polisi, ambacho ada yake ilikuwa shilingi 1,050, tulimwambia asikilipie mpaka atakapotokea mwajiri wa kukidai. Mabenki, shule na kampuni za ulinzi hukitaka. Maduka mengi hayakitaki, na fedha za mtoto asiye na kazi ni za kuhesabiwa.

Kubwa zaidi lilikuwa wasifu wake wa kazi. Ukurasa wa kwanza aliotuonyesha ulikuwa na jina, shule, na maneno mawili chini yake: sina uzoefu. Tulimwomba akae na mamake wayafikiri upya. Mamake huuza mahamri na mbaazi kila alfajiri, na kwa miaka mitatu daftari la madeni lilikuwa mkononi mwa binti huyu. Anajua nani hulipa Ijumaa na nani hulipa akikumbushwa, na anajua namna ya kumkumbusha mtu pasipo kumvunjia heshima. Jumamosi alikuwa akiwasomesha watoto wadogo chuoni, thelathini katika chumba kimoja. Ikiwa hayo si uzoefu, hatujui uzoefu ni nini. Watoto wetu wengi wa kike wamefanya kazi tangu wana miaka kumi. Hawakulipwa tu, ndiyo maana wanadhani hawakufanya.

Katika kutafuta, alikutana na mengi. Mtu mmoja alimpigia simu akamtaka shilingi 1,500 za kufunguliwa faili kabla ya kuonana na mwajiri. Tulikata simu. Mwenye kazi ya kweli hutoa mshahara, hadai kiingilio. Akaja pia mama mmoja tunayekutana naye harusini, mwenye maneno laini, na habari za nyumba ya watu wema huko Ghuba wanaotafuta msichana wa kazi. Hatutawasema vibaya waliokwenda. Wapo katika mtaa wetu waliowajengea mama zao nyumba kwa fedha hizo, na wapo waliorudi ambao hadi leo hatuwaulizi walichokiona. Lakini msichana wa miaka 18, ambaye kazi yake ya kwanza maishani ni kufungiwa katika nyumba ya mtu asiyemjua, katika nchi ambayo ruhusa yake ya kukaa inamtegemea mwajiri huyo huyo, atajifunza wapi kusema hapana? Tulimpa mgeni wetu chai, tukamshukuru, na mazungumzo yakaishia hapo.

Duka lililomkubali lilikuwa la leso, Biashara Street. Kabla ya siku ya kuonana na mwenyewe tulifanya mazoezi sebuleni. Babake alikaa kitini akawa mwenye duka, kwa ukali ambao ulimchekesha mpaka mdogo wake. Maswali ya kazi aliyajibu vizuri. Lilipofika swali la mshahara aliinamisha kichwa na kusema, "Utakachonipa, mzee." Tukamrudisha mlangoni aingie upya. Mara ya pili alisema hivyo hivyo, na ya tatu.

Hapa ndipo kwenye mzizi wa jambo. Sisi watu wa Pwani tumelelewa kuona kwamba kutaja ujira ni tamaa, na zaidi pale mwajiri anapokuwa mtu wetu, jamaa au jirani. Kijana huingia kazini kwa "tutaelewana", na miezi sita baadaye bado anapewa cha nauli na cha chai, naye hana pa kushika kwa kuwa hapakuwa na neno lililosemwa. Babake alivua uso wa mwenye duka, akamkumbusha kisa cha Nabii Musa alipofika Madyani. Yule binti aliyetumwa kumwita alikuja kwa haya, na haya yake haikumzuia kumweleza waziwazi kwamba baba anamwita ili amlipe ujira wa kuwanyweshea wanyama. Na mzee alipomwajiri Musa, muda ulitajwa pale pale: miaka minane, na akitimiza kumi ni kwa hiari yake. Ikiwa baina ya watu wema kama hao mapatano yalisemwa mwanzo, mwenye duka la leso hawezi kuona vibaya akiulizwa.

Mara ya nne alilisema. Sauti ilitetemeka kidogo, lakini alilisema.

Tulimweleza pia sheria kwa kiasi cha kumtosha. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na kuuandaa ni wajibu wa mwajiri. Kima cha chini cha mshahara kilichotangazwa mwaka 2024, kwa mfanyakazi wa kawaida katika Nairobi, Mombasa na Kisumu, kilizidi kidogo shilingi 16,000 kwa mwezi. Tulimwambia hilo ili alijue, na tukamwambia na la pili, kwamba maduka mengi hayafiki hapo.

Mwenye duka hakumwuliza mambo ya shule. Alimpa doti moja akamwambia aikunje, kisha akamwuliza angemwuzia nani. Binti yetu ameoga na kulala katika leso tangu kuzaliwa. Aliukunjua upindo, akautazama mji, akasoma jina, akasema hii ni ya kumpa mama mzaa chema, haifai kumpa wifi. Mzee alicheka, akasema njoo kesho. Akaongeza kwamba wiki mbili za kwanza ni za majaribio, bila malipo.

Aliyasema yote aliyoyasema sebuleni. Alitaja 16,000. Mzee alitaja 10,000. Walifikia 13,000, pamoja na chakula cha mchana, na siku za majaribio zikalipwa nauli. Tunajua ni chini ya kilichotangazwa. Alijua pia, akakubali akiwa anajua. Mkataba uliandikwa kwa mkono, nusu ukurasa, kwa sahihi mbili. Ndani yake mliwekwa saa za kazi, swala, siku ya malipo, na jambo ambalo mamake alilishikilia sana: katika kumi la mwisho la Ramadhani, maduka yanapouza hadi usiku baada ya tarawehe, asitoke peke yake, kaka yake awe mlangoni kumngoja.

Akaanza kazi katika Shaaban, wakati wa harusi nyingi. Tusiokaa nyuma ya meza ya duka hatujui hekima inayotakiwa hapo. Mwanamke anayemnunulia mkwewe huongea; anayenunua leso kwa ajili ya jina lake, ili jirani alisome, haongei kabisa, na muuzaji mwenye adabu hamwulizi kitu, humfungia tu. Jioni alirudi na miguu imevimba na hadithi ambazo hatuwezi kuziandika hapa.

Tulimpa daftari dogo, tukamwomba kila siku aandike saa aliyoingia, saa aliyotoka, na doti alizokabidhiwa na alizouza. Alituona tunamsumbua. Mwisho wa mwezi wa kwanza alikuja na bahasha yenye shilingi 11,200. Aliambiwa zimekatwa 1,800, za doti mbili zisizoonekana na za siku alizochelewa.

Babake alisimama, akavaa kofia yake kwenda. Binti yetu alimzuia. "Baba, ukija wewe, pale dukani nitakuwa mtoto wako. Nikienda mwenyewe, nitakuwa mfanyakazi wao." Tulitazamana. Hakuna usiku mrefu kama ule, na mamake hakulala kwa kuwazia mtoto akifukuzwa kazi mbele ya watu.

Alikwenda na daftari. Siku za kuchelewa hazikuwamo, kwani saa zote zilikuwa zimeandikwa. Doti mbili alizionyesha tarehe zake: zilichukuliwa na kijana wa mwenye duka kupelekwa kwa mteja Likoni, hazikurudi kwenye hesabu. Mzee aliita kijana wake, akamwuliza, akanyamaza. Fedha zililipwa kesho yake. Hakuomba radhi, alimwagizia chai ya maziwa na mahamri, na tangu siku hiyo akamkabidhi daftari la duka zima.

Katika mshahara ule wa kwanza alimnunulia bibi yake doti. Bibi aliigeuza, akausoma ujumbe, akauliza kwanza imeuzwa bei gani. Akaambiwa. Akauliza na waliokwenda kuichukua kiwandani wamepata kiasi gani. Hilo binti yetu hakulijua, akaahidi kuuliza. Sehemu iliyobaki anaiweka kwa ajili ya chuo, mahali ambapo hatupajui, na tumeamua tusipatafute.

Mwezi wa pili, tarehe 20 na kitu, mtungi wa gesi uliisha nasi tukiwa hatuna kitu. Hatukumwambia, mamake alipikia makaa siku mbili. Siku ya tatu tuliamka tukaukuta mtungi mpya jikoni. Tulimwita, tukamwuliza kama tuuhesabu kuwa mkopo, na tutamlipa lini. Alikwenda chumbani akarudi na lile daftari lake, akatuonyesha mstari aliokwisha kuuandika kwa kalamu nyekundu, pamoja na tarehe na bei: gesi, zawadi.