Nasikika Sasa?

Nilianza kurusha gemu ya mpira mubashara hapa Kakuma mwaka jana, kwa kompyuta ya kuazima. Mtazamaji wangu wa uhakika ni mmoja: kaka yangu, aliyehamishiwa Marekani. Usiku mmoja akaandika, "Dogo, unasikika kama uko ndani ya pipa. Sijui hata kama ni wewe."

Jamani, iliniuma.

Nikalaumu mtandao. Kisha nikajirekodi bila kurusha, nikasikiliza: pipa lile lile. Basi shida iko kwangu.

Nikatafuta kitu kimoja kimoja. Earphone zangu zilikuwa za Bluetooth. Ukitumia maiki yake, sauti inashuka kama ya simu. Nikachomeka za waya. Maiki nilikuwa nimeipandisha hadi mwisho, nikipiga kelele inapasuka. Nikaishusha, nikaisogeza karibu na mdomo, pembeni kidogo ili pumzi isiipige. Mabati nayo yanarudisha sauti, nikatundika blanketi mbele yangu. Ukabaki mngurumo. Nikachomoa chaja, kimya! Sasa nacheza kwa betri, saa moja na nusu, imeisha.

Kama nawe unarusha, jirekodi kwanza, na usibadilishe vitu viwili kwa pamoja. Hutajua kipi kimekuponya.

Juzi mvua ikanyesha, na huku mvua si ya kila siku. Mabati yakafunika kila kitu. Nikataka kuzima. Kaka akaandika, "Usizime, dogo. Acha niisikie."